Kilomita au siku? Askari wa farasi na njia za reli katika vita vya Marekani, 1861–1865

Tarehe 22 mwezi wa nane 1864, Jenerali Judson Kilpatrick wa jeshi la Kaskazini alirudi kambini baada ya kuuzunguka mji wote wa Atlanta akiwa na askari wa farasi zaidi ya elfu nne. Alileta habari njema. Alimweleza mkuu wake, Jenerali William T. Sherman, kwamba ameharibu njia ya reli karibu na Jonesboro kwa urefu wa kama kilomita 5, na kwamba Wakusini watahitaji siku kumi kuitengeneza. Kesho yake Sherman aliona treni zikiingia Atlanta kutoka kusini.

Sherman alikiandika kisa hiki katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1875. Anasema hapo ndipo alipozidi kuamini kwamba askari wa farasi ama hawawezi, ama hawataki, kufanya kazi ya nguvu inayotosha kulemaza njia ya reli. Maneno makali, tena ya mkuu aliyeudhika. Lakini sisi tunaosoma lugha tuna sababu nyingine ya kukitazama kisa hicho. Kilpatrick hakubuni: reli aling'oa kweli. Alipogeuza farasi wake na kuitazama njia ile mara ya mwisho, neno "kuharibu" lilikuwa sahihi machoni pake. Halikuwa sahihi kwa mtu aliyekuwa akisubiri treni ndani ya Atlanta.

Ripoti za vita vile zimejaa kitenzi hicho kimoja. Kila kamanda wa farasi, wa Kaskazini na wa Kusini, "ameharibu" maili kadhaa za reli, na nyuma ya kitenzi inafuata hesabu ya urefu. Njia ya reli, lakini, haiumizwi kwa urefu. Inaumizwa kwa siku: siku ngapi zitapita kabla treni haijapita tena? Anayesoma ripoti hizo bila kuuliza swali hili atajikuta anawasifu watu waliofanya kidogo na kuwapita waliofanya makubwa.

Kwa nini reli

Vita vyenyewe vinajulikana. Majimbo ya Kusini, yaliyotaka kulinda utumwa, yalijitenga na Marekani mwaka 1861, na Kaskazini ikapigana miaka minne kuyarudisha. Kinachosahauliwa kwa urahisi ni ukubwa wa nchi iliyopiganiwa na wembamba wa kamba zilizoyashikilia majeshi. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na kama kilomita 49,000 za reli. Chini ya theluthi moja, kama kilomita 14,500, zilikuwa Kusini. Nyingi kati ya hizo zilikuwa njia moja tu, treni zikipishana kwenye stesheni, na upana wa njia haukuwa sawa kila mahali. Katika sehemu kubwa ya Kusini reli mbili ziliachana kwa milimita 1,524. Katika sehemu kubwa ya Virginia na North Carolina kwa 1,435. Treni ya upande huu haikuweza kuingia upande ule, na mizigo ilishushwa na kupakiwa upya.

Mwaka 1864 Sherman aliwalisha watu 100,000 na wanyama 35,000 kwa njia moja iliyotoka Louisville hadi Atlanta, kilomita 761, kwa muda wa siku 196. Mwenyewe alipiga hesabu kwamba kazi ile ingefanywa kwa magari ya nyumbu, angehitaji magari 36,800, kila moja likivutwa na nyumbu sita. Magari hayo hayakuwapo popote duniani, na barabara za kuyapitisha hazikuwapo pia. Kwa hiyo jeshi lilikuwa mwisho wa uzi, na kila mtu mwenye farasi na shoka aliona pa kukata.

Kazi ya kuharibu ikoje

Tuishuke kazi yenyewe, maana hapa ndipo siri ilipo. Njia ya reli ina sehemu chache: tuta la udongo, mataruma (yale magogo yanayolazwa kukingama chini ya reli), vyuma vya reli, na misumari inayovishikilia. Kila sehemu ina uhai wake. Ukiung'oa msumari na kuisogeza reli pembeni, umesimamisha treni ya saa hii. Fundi wanne na nyundo watairudisha kabla ya jua kuchwa. Ukichoma mataruma, fundi atakata miti mingine, na misitu ya Kusini haikuwa na upungufu wa miti. Chuma ndicho kigumu kupatikana. Lakini chuma hakiungui. Ili kukiua lazima ukusanye mataruma, uyapange kama tanuru, ulaze reli juu yake, uwashe moto, usubiri katikati ya reli iwe nyekundu, kisha watu waishike miisho yake miwili na kuipinda.

Neno zito katika maelezo hayo ni "usubiri". Askari wa farasi aliyeingia nchi ya adui hana la thamani kuliko mwendo wake. Akikaa saa nne mahali pamoja, moshi wa mataruma yake umekwisha kuonekana na kila mtu wa wilaya ile. Tena si wote wanaofanya kazi. Wapanda farasi waliposhuka chini, desturi ilikuwa mtu mmoja katika kila wanne abaki ameshika farasi wa wenzake. Katika watu elfu moja, 250 wameshika hatamu; wengine mamia wametumwa barabarani kulinda; wanaobaki wana shoka chache na mitaimbo michache, kwa sababu farasi hawezi kubeba karakana mgongoni. Na watu wenyewe hawajalala usiku mbili au tatu. Nadhani Sherman hakuwatendea haki kabisa. Kazi ile ilitaka watu wengi, usalama na muda, na farasi alikuwepo ili watu wachache wapite upesi mahali pasipo usalama.

Lugha yetu inaweza kutusaidia kupanga mambo haya kuliko hata lugha ya wale makamanda. Sarufi ya Kiswahili ina kauli ya kutendua: kunja, kunjua; funga, fungua; ziba, zibua; pakia, pakua. Kitenzi kinabeba ndani yake ahadi kwamba tendo linaweza kurudishwa nyuma. Reli iliyokunjwa hukunjuliwa: mafundi wa Kusini waliipasha moto tena na kuigonga mpaka ikanyooka, ikarudi kazini ikiwa na makovu. Sherman alilijua hilo, na mwezi wa saba 1864 aliamuru kwamba kupinda hakutoshi. Reli isokotwe, kama mtu anavyokamua nguo, na maofisa wahakikishe wenyewe kwa macho. Mhandisi wake Orlando Poe alitengeneza ndoano za kushikia miisho ya reli nyekundu ili isokotwe vizuri. Chuma kilichosokotwa hivyo hakinyooshwi kwa nyundo; lazima kirudi kiwandani. Askari walizoea pia kuzizungushia reli zile kwenye vigogo vya miti, wakaziita tai za Sherman, yaani zile za shingoni.

Basi tuyasome mavamizi machache kwa kipimo hicho: je, tendo hili lina kutendua kwake au halina?

Siku 98

Mwenye alama ya juu kabisa, kwa maoni yangu, ni Mkusini, naye hakuharibu kilomita nyingi. John Hunt Morgan aliingia mji mdogo wa Gallatin, Tennessee, tarehe 12 mwezi wa nane 1862. Kaskazini mwa mji ule njia ya reli ya Louisville na Nashville ilipita chini ya kilima, ndani ya handaki lililoshikiliwa kwa mihimili ya mbao. Watu wa Morgan waliteka treni, wakayawasha moto mabehewa na kuyasukuma ndani. Moto ukala mihimili, na mwamba wa juu, uliokuwa laini, ukaporomoka.

Kwa siku 98 hakuna treni iliyopita. Kifusi hakikuweza kushughulikiwa na watu mia kwa wakati mmoja, kwa sababu mlango wa handaki hauingii watu mia. Hata tajiri wa vibarua angelazimika kungoja. Jeshi la Kaskazini la Jenerali Don Carlos Buell lilikuwa likijongea kuelekea Chattanooga na lilikula kwa njia ile. Chattanooga haikufikiwa mwaka ule, na kabla ya mwezi kwisha Buell alianza kurudi nyuma kuelekea Kentucky, adui akiwa amekwisha kuvuka kaskazini kabla yake. Reli haikuwa sababu pekee, lakini ni wachache waliofanya mengi hivyo kwa mabehewa machache na kiberiti.

Mwishoni mwa mwaka ule ule Morgan alirudi Kentucky na kuchoma madaraja mawili ya miti huko Muldraugh Hill, kila moja lenye urefu wa kama mita 150, likisimama juu sana ya bonde. Njia ilifungwa kwa wiki kadhaa. Ni pigo zuri, ila angalia tofauti: wiki kwa daraja, miezi kwa handaki. Daraja la miti lina kutendua kwake, tutaona.

Morgan alikuwa na silaha nyingine inayostahili kutajwa katika jarida la kitivo chetu. Aliongozana na mtu wa telegrafu, George Ellsworth, mzaliwa wa Kanada. Mwezi wa saba 1862 Ellsworth alipanda kwenye waya wa adui na kuunganisha chombo chake. Hakuanza kusema, alianza kusikiliza. Waendeshaji telegrafu hawakusikia sauti za wenzao, walisikia mapigo tu, mafupi na marefu, lakini kila mmoja alikuwa na mwendo wake wa kupiga, na wenzake walimtambua kwa huo kama sisi tunavyomtambua mtu kwa lafudhi. Ellsworth alijifunza mwendo wa mtu fulani, kisha akapiga kama yeye, akapeleka habari za uongo kuhusu mahali Morgan alipo na amri zilizowapeleka askari wa adui upande usiofaa. Mwishoni mwa 1862 Jenerali J. E. B. Stuart alifanya mzaha wa namna hiyo huko Virginia: aliteka kituo cha Burke's Station, na kabla ya kuondoka akapeleka telegramu kwa Jenerali Meigs, mkuu wa ugavi wa Kaskazini, akilalamika kwamba nyumbu anaowatoa siku hizi ni dhaifu na wanachelewesha kuyavuta magari aliyoyateka. Waya uliokatwa ni hasara kwa adui. Waya usiokatwa, lakini unaosema uongo, ni hasara kubwa zaidi, na hakuna kamanda aliyeupima kwa kilomita.

Holly Springs, au faida iliyogeuka

Mwezi wa kumi na mbili 1862 Jenerali Ulysses Grant alikuwa akishuka Mississippi kuelekea ngome ya Vicksburg. Nathan Bedford Forrest alivuka mto Tennessee na wapanda farasi kama elfu mbili, akaing'oa na kuichoma reli ya Mobile na Ohio kutoka pande za Jackson hadi karibu na mpaka wa Kentucky. Tarehe 20 ya mwezi huo, Earl Van Dorn naye aliingia Holly Springs na watu kama 3,500 na kuichoma ghala kuu ya Grant: chakula, nguo, risasi, dawa. Grant alikatika na Kaskazini, telegrafu pamoja na reli, zaidi ya wiki moja. Akarudi nyuma.

Mpaka hapa ni ushindi ulio wazi, na ndivyo unavyosimuliwa kwa kawaida. Lakini Grant, askari wake wakiwa hawana posho, alipeleka magari vijijini kuchukua mahindi, nyama na majani ya wanyama. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyoshangaa kuona wingi wa vitu vilivyopatikana. Wakulima wa Mississippi, na watumwa wao waliobakia bila chakula, ndio waliolipa somo lile. Mwezi wa tano 1863 Grant alipoingia nyuma ya Vicksburg, aliondoka mtoni bila kujifunga kwa njia ya chakula inayolindwa kila hatua. Van Dorn na Forrest walikuwa wameikata kamba. Mfungwa akagundua kwamba anaweza kutembea bila kamba.

Mwalimu wa muziki

Mara hiyo ya pili Grant naye alituma farasi wake. Tarehe 17 mwezi wa nne 1863 Kanali Benjamin Grierson aliondoka La Grange, Tennessee, na watu 1,700. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa muziki, na farasi hakuwapenda hata kidogo: mmoja alimpiga teke la uso utotoni. Katika siku 16 alilipasua jimbo lote la Mississippi kutoka kaskazini hadi kusini, akatokea Baton Rouge, Louisiana, tarehe 2 mwezi wa tano, akiwa amepoteza watu wachache mno. Tarehe 24 aliingia Newton Station, kwenye njia iliyoilisha Vicksburg kutoka mashariki, akateka treni mbili na kuzichoma pamoja na mizigo yake.

Ripoti yake inasema aliharibu maili 50 hadi 60 za reli na telegrafu, yaani kilomita 80 hadi 100. Nikiisoma kwa kipimo cha siku, sishangazwi sana na namba hiyo. Mtu anayesafiri mwendo ule, huku adui akimtafuta kila upande, hana saa za kusubiri chuma kiwe chekundu kwa kilomita 80. Kinachonishangaza ni jambo ambalo halimo katika hesabu ya reli. Jenerali Pemberton, aliyeilinda Vicksburg, aliwatoa wapanda farasi wake, na hata askari wa miguu, wakamsake Grierson katikati ya jimbo. Tarehe 30 mwezi wa nne Grant alivusha jeshi lake mto Mississippi huko Bruinsburg, na ng'ambo hakukutana na jeshi la kumzuia. Vicksburg ilisalimu amri tarehe 4 mwezi wa saba. Grierson alivunja reli, ndiyo. Alichokivunja zaidi ni umakini wa Pemberton, na hicho hakikuwa na fundi wa kukitengeneza.

Wenye nyundo

Habari za farasi husimuliwa kwa furaha: usiku, mto, kofia yenye manyoya. Waliotengeneza hawana nyimbo. Kumbe wao ndio walioamua thamani ya kila uvamizi.

Kaskazini iliunda idara maalumu ya reli za kijeshi. Mhandisi Herman Haupt alionyesha njia mwezi wa tano 1862, pale Potomac Creek, Virginia. Kwa siku tisa alijenga daraja lenye urefu wa kama mita 120 na kimo cha zaidi ya mita 24, akitumia askari wa kawaida wasiojua kazi, mbao mbichi zilizokatwa palepale, katika mvua. Rais Lincoln alipoliona alisema kwa mshangao kwamba treni zinapita juu ya kitu kinachoonekana kama vijiti vya kutambazia maharagwe na mabua ya mahindi. Baadaye Daniel McCallum aliikuza idara hiyo mpaka ikawa na wafanyakazi karibu elfu 25. Daraja la mto Chattahoochee, mita 238 kwa urefu na 28 kwa kimo, walilirudisha kwa siku nne na nusu. Walikuwa na mbao zilizokwisha kukatwa kwa vipimo, reli zilizorundikwa njiani, na vibanda vya ngome vya magogo kwenye madaraja, vilivyochorwa na Kanali William Merrill, ambamo askari wachache waliweza kukaa na kuwazuia wapanda farasi wasio na mizinga.

Wengi katika vikundi hivyo vya kazi walikuwa watu weusi waliotoka utumwani. Kusini nako reli zilijengwa na kutengenezwa kwa kiasi kikubwa na watumwa, ila hao hawakulipwa, na mwenye kuwamiliki ndiye aliyeandikwa katika daftari. Tunaposoma kwamba njia "ilitengenezwa" kwa siku moja, kauli ya kutendwa inatuficha mikono hiyo.

Mwezi wa nane 1864 Jenerali Joseph Wheeler wa Kusini alipeleka farasi wake wakate njia ya Sherman nyuma yake, karibu na Dalton. Sherman anasimulia kisa cha askari wawili wa Kusini waliokuwa wakizungumza: mmoja anafurahi kwamba Wheeler amelilipua handaki la Dalton, kwa hiyo adui atakufa njaa, mwenzake anamjibu kwamba haina maana, Sherman anatembea na handaki la akiba. Sijui kama mazungumzo hayo yalitokea kweli. Hata yakiwa ni mzaha wa kambini, mtu aliyeyatunga aliielewa vita ile vizuri.

Kusini hali ilikuwa nyingine. Viwanda vya chuma, Tredegar ya Richmond mbele ya vyote, viligeuzwa vitengeneze mizinga na mabamba ya meli, na reli mpya zikakosekana. Walichofanya ni kung'oa reli za njia ndogo ili kuziba mapengo ya njia kubwa. Walijua kutendua: kilichokunjwa walikikunjua, kilichong'olewa walikisimika, na upesi, kama Kilpatrick alivyojionea. Kutenda upya ndiko walikoshindwa. Hivyo kilomita moja ya reli iliyosokotwa Georgia haikuwa sawa na kilomita moja iliyosokotwa Tennessee mikononi mwa Kaskazini. Huku ilikuwa kazi ya siku chache na treni moja ya vyuma vipya. Kule ilikuwa kilomita moja iliyokufa, au njia nyingine iliyouawa ili hii ipone.

Wasiohesabiwa

Kuna uvamizi mmoja ambao kilomita zake zinanisumbua. Tarehe 22 mwezi wa sita 1864 Majenerali James Wilson na August Kautz waliondoka karibu na Petersburg, Virginia, na wapanda farasi kama elfu tano, kukata njia mbili zilizoilisha Richmond. Walifanya kazi kwa bidii kuliko wengi, wakavunja kama kilomita 100. Tarehe 25 walifika kwenye daraja la mto Staunton, ambalo lingekuwa ndilo pigo lenyewe. Daraja lililindwa na askari wachache pamoja na wazee na vijana wa kijiji waliokusanywa kwa haraka. Halikuanguka. Wakati wa kurudi Wilson na Kautz walizibiwa njia huko Reams Station na kukimbia, wakiacha mizinga na mamia ya askari.

Njiani watumwa kwa mamia walikuwa wamewafuata, wanaume, wanawake na watoto, kwa miguu na kwa magari, wakiona kwamba farasi hawa ndio uhuru wenyewe unaopita. Askari walipokimbia, farasi waliwashinda watu wa miguu mwendo. Wengi walikamatwa na kurudishwa utumwani. Mtu anaweza kubishana juu ya siku ambazo reli ile ilisimama. Kwa waliorudishwa, uvamizi ule ulihesabika kwa namna nyingine kabisa, na ripoti za makamanda hazina safu ya hesabu hiyo.

Sherman afanya mwenyewe

Tumrudie Sherman tuliyemwacha anatazama treni za Atlanta. Alikuwa amejaribu farasi mara mbili katika wiki nne. Mwishoni mwa mwezi wa saba aliwatuma Stoneman na McCook. Stoneman alikamatwa karibu na Macon na McCook akaponea chupuchupu. Kisha Kilpatrick. Basi akaacha farasi. Tarehe 25 mwezi wa nane alianza kuliondoa karibu jeshi lake lote la miguu kutoka kwenye mahandaki yake, akalizungusha kusini-magharibi mwa mji. Tarehe 28 lilifika kwenye njia ya West Point, na tarehe 29 makumi ya maelfu ya watu hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa reli. Walimaliza kama kilomita 20. Palipokuwa na mitaro iliyochimbwa kilimani ili njia ipite, waliijaza miti, mawe na udongo, na ndani yake wakaficha makombora ya mizinga yaliyotegwa ili anayevuta tawi alipuke nalo. Hapo hata kutendua kulitegewa bomu.

Siku mbili baadaye walifika kwenye njia ya Macon karibu na Jonesboro, ile ile ya Kilpatrick, wakapigana, wakabaki juu yake. Atlanta ilianguka tarehe 2 mwezi wa tisa. Kukaa juu ya reli ndiko kulikoikata.

Farasi, hata hivyo, walikuwa na siku yao, na siku hiyo hawakung'oa hata msumari. Jioni ya tarehe 8 mwezi wa nne 1865 jeshi la Jenerali Robert Lee, lenye njaa, lilikuwa likielekea kituo kidogo cha Appomattox Station, ambako treni za chakula zilikuwa zikilisubiri. Wapanda farasi wa George Custer walifika kwanza. Njia waliiacha salama, walizitaka treni. Miongoni mwao walipatikana waliowahi kuwa madereva na mafundi wa reli kabla ya vita, wakapanda kwenye injini na kuziendesha kurudi mashariki, upande wao, na posho ya Lee ikiwa ndani. Lee alisalimu amri kesho yake mchana.